Afisa Tusiyemwandika

Nina neno juu ya insha zetu za Februari.

Kila mwaka, Siku ya Mashujaa ya tarehe 1 Februari inapokaribia, twaambiwa tuandike habari za askari, na karibu sote twamwandika Meja Jenerali Fred Rwigema. Si vibaya. Alikulia ukimbizini Uganda, akapigana katika vita vya kumwondoa Idi Amin mwaka 1979, akaingia msituni pamoja na Museveni, akapanda hata akawa naibu waziri wa ulinzi, kisha akauawa tarehe 2 Oktoba 1990, siku ya pili tu ya vita alivyoviongoza kuingia Rwanda. Hata mdogo wa kidato cha kwanza aweza kuyasema hayo bila kitabu. Lakini yuko afisa mwingine wa vita hivyo hivyo, wa upande wa pili, aliyezaliwa katika mkoa wetu na kuongoza jeshi katika mji wetu huu, nami sijaona hata insha moja inayomtaja. Naona huyo ndiye atufaaye zaidi kumsoma.

Ni Luteni Kanali Anatole Nsengiyumva. Alizaliwa mwaka 1950 katika komini ya Satinsyi, mkoa wa Gisenyi wa siku zile. Wakati wa vita alikuwa kwanza mkuu wa upelelezi katika makao makuu ya jeshi, kazi ambayo hapewi mjinga. Mwezi wa Juni 1993 akaletwa Gisenyi kuwa kamanda, akakaa mpaka Julai 1994. Ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Asubuhi yake, hapa mjini, Watutsi wakaanza kuuawa, wengine majumbani mwao. Mahali paitwapo Commune Rouge, tunapokwenda kila Aprili na maua, ndipo wengi walipozikwa. Kamanda wa askari alikuwa yeye.

Alikamatwa Cameroon mwaka 1996, akafikishwa Arusha mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa. Kesi yake na ya maafisa wengine watatu ilichukua siku 408 za kusikilizwa, na mashahidi 242. Tarehe 18 Desemba 2008 alihukumiwa kifungo cha maisha. Tarehe 14 Desemba 2011 mahakama ya rufani ilifuta makosa kadhaa, ikaona haikuthibitika kwamba yeye ndiye aliyeamuru mauaji, ikapunguza kifungo kuwa miaka 15. Na kwa kuwa miaka hiyo alikuwa ameshaikaa, akaachiliwa.

Watu wengi wakifika hapo hukasirika, wakafunga kitabu. Mimi nasema wasifunge bado. Hakutoka bila hatia. Kwa mauaji ya tarehe 7 Aprili mjini hapa alibaki na hatia, hatia ya mkubwa. Sheria yasema hivi: mkuu akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba walio chini yake watenda uovu au wameutenda, naye akaacha kuzuia au kuadhibu, kosa ni lake pia. Haisaidii kusema, "Sikutoa amri."

Neno hilo lilinichoma, nami nitaeleza kwa nini. Mwaka jana nilikuwa kiranja wa bweni. Usiku mmoja wakubwa walimmwagia maji baridi mgeni wa kidato cha kwanza, wakamlaza sakafuni. Nilisikia yote. Nikajifunika blanketi. Asubuhi nilipoulizwa nikajibu, "Mimi sikumgusa," na lilikuwa kweli. Silinganishi maji baridi na damu ya watu, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba jibu langu nimelikuta Arusha, katika kinywa cha watu wazima wenye nyota mabegani.

Wazee wetu wa shule, baadhi yao, hushauri jambo hili liachwe, maana katika dawati moja hukaa watoto wa pande zote. Nawaheshimu, ila sikubali. Wanafunzi wa Nyange nao walikaa dawati moja. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 waliamriwa na watu wenye bunduki wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wakakataa, na baadhi yao wakauawa. Hakuna aliyekuwa na cheo hata cha koplo.

Basi natoa shauri: muhula ujao chama chetu cha mijadala kisome hukumu ile ya rufani, sehemu za Gisenyi tu, jioni mbili zatosha, kabla ya safari ya Commune Rouge wala si baada yake. Asiyekubali na aandike. Hasa ningependa jibu la mzee wa shule aliyepata kuongoza askari.