Mlima Kenya na Magari ya Kamba

Wenyeji wa Meru na Embu wameuzoea mlima wao hata hawaushangai tena. Asubuhi, mawingu yasipokuwapo, vilele huonekana juu ya mashamba ya chai na kahawa. Kabla ya adhuhuri mara nyingi vimekwisha fichwa. Wameru huuita Kirimaara. Lakini ni wachache wajuao kwamba katika nchi ya Uswisi theluji ndiyo shamba la watu wengi wa milimani.

Huko wageni humiminika wakati wa baridi ili wateleze juu ya theluji kwa mbao ndefu nyembamba zifungwazo miguuni. Mchezo huo huitwa skii. Zamani mchezaji alipanda mteremko kwa jasho jingi, kisha akashuka kwa dakika chache tu. Mwaka 1934, mjini Davos, mhandisi Ernst Constam alitengeneza kamba ya chuma iendeshwayo kwa mtambo, nayo ikawavuta watu mpaka juu, mbao zao zikiwa zingali miguuni. Leo yako magari yaning'iniayo katika nyaya, na kituo cha juu kabisa, karibu na kijiji cha Zermatt, kiko zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari.

Je, Mlima Kenya nao waweza kuwekewa kamba za namna hiyo? Kwa mchezo wa skii, hauwezi. Uswisi ina majira ya baridi, na theluji hurundikana kwa miezi mingi. Mlima Kenya uko kwenye ikweta. Theluji iangukayo usiku mara nyingi huyeyuka jua likipanda. Hata mito ya barafu inakwisha. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel waliotoka milima ya Alps, mito hiyo ilikuwa yapata 18. Wataalamu walioupima ule uitwao Lewis mwaka 2010 waliona kwamba tangu 1934 ulikuwa umepoteza karibu sehemu tisa katika kumi za barafu yake.

Lakini kamba yaweza kutakiwa kwa kuwapandisha watazamaji tu. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba inafikiria jambo hilo kwa Kilimanjaro. Wapagazi na waongozaji walinung'unika, wakiogopa kupoteza kazi. Hofu yao ni rahisi kuifahamu. Mgeni apandaye kwa miguu kutoka Chogoria huhitaji mwongozaji, mpishi na wachukuzi kwa siku kadhaa, na ujira wao hulipa karo za watoto na kununua mbolea. Mgeni apandaye kwa gari la kamba huhitaji tikiti moja.

Liko jambo la pili, nalo ni la uhai. Kambi ya Minto, katika njia ya Chogoria, iko yapata mita 4,300, yaani juu kuliko kile kituo cha Zermatt. Kilele cha Lenana kina mita 4,985. Hewa ya huko ni nyepesi, na mwili hutaka siku kadhaa kuizoea. Apandaye kwa haraka huumwa kichwa, hutapika na hukosa usingizi. Akizidi kupanda, maji yaweza kujaa mapafuni, naye akafa. Dawa iliyo kubwa ni kumteremsha mgonjwa upesi, bila kungoja kupambazuke. Kwa hiyo mwendo wa polepole wa mpagazi si uvivu, bali ni kinga.

Hata hivyo, wanaotetea kamba wana hoja yao. Wazee na vilema nao wana haki ya kuuona mlima kwa karibu. Lakini nguzo za chuma hutaka njia pana katika msitu, na hapo mkulima asiyeuza chochote kwa wageni aingia katika shauri hili. Rupingazi, Thuci, Nithi, Mutonga na Kathita hutoka mlimani na kuelekea Tana. Wako wadhanio kwamba maji hayo ni barafu iliyoyeyuka. Barafu huchangia kidogo sana. Maji mengi ni mvua iliyonaswa na msitu, ikanyonywa na ardhi na kutolewa polepole wakati wa kiangazi. Barafu yote ikiisha, mito itaendelea kutiririka. Msitu ukiisha, itafurika wakati wa mvua na kukauka wakati wa haja.

Basi ikiwa siku moja shauri la kamba litaletwa Chogoria au Embu, maswali ya kuulizwa barazani ni matatu: ni miti mingapi itakatwa, ni wachukuzi wangapi watapewa kazi nyingine, na ni nani atakayemteremsha mgonjwa mtambo ukisimama usiku.