Dawa za Akili si Dawa za Usingizi

Liko neno moja katika Kiswahili chetu cha Pwani ambalo limetwishwa mzigo usio wake. Neno lenyewe ni "wazimu". Mtu akisikia sauti wasizozisikia wenziwe, ana wazimu. Akijifungia chumbani wiki nzima, hali wala hasemi, ana wazimu. Akikesha siku nne akigawa mali yake kwa furaha isiyo na sababu, huyo naye ana wazimu. Na dawa apewazo hospitalini, zote twaziita "dawa za usingizi".

Ndugu wasomaji, maneno haya yanadhuru. Jamaa wakishaamini kwamba kazi ya dawa ni kumlaza mgonjwa, basi siku atakayolala vizuri watasema kazi imekwisha, na vidonge vitatupwa. Haipiti miezi mingi maradhi hurudi, na mtaa mzima ukasema hospitali imeshindwa.

Kila ugonjwa una jina lake na dawa yake. Mwenye kusikia sauti huenda ana skizofrenia, na hupewa kloropromazini, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, au haloperidoli, iliyogunduliwa Ubelgiji mwaka 1958. Mwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, hupewa amitriptilini au nyingine mfano wake, nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana. Na yule anayepanda kwa furaha ya kupita kiasi kisha akashuka kwa majonzi, ipo lithiamu, aina ya chumvi ambayo daktari John Cade wa Australia alieleza manufaa yake mwaka 1949. Baadhi ya dawa hizi huleta usingizi, lakini usingizi sio tiba yenyewe.

Haloperidoli huweza kukakamaza shingo au kuyapindua macho juu. Nyumbani husemwa, "Jini amekasirika, hataki dawa za kizungu." Kumbe ni dhara la dawa linalojulikana, na daktari anayo dawa ya kulituliza kwa muda mfupi. Mgonjwa kama huyo arudishwe hospitali upesi, asipelekwe kupungwa.

Kubwa zaidi ni saumu ya Ramadhani. Mwili ukipungukiwa na maji katika joto letu hili, lithiamu huzidi damuni hata ikawa sumu: mikono hutetemeka, mgonjwa hutapika na kubabaika. Atumiaye dawa hii amwone daktari kabla mwezi haujaandama. Asiamue peke yake kufunga, wala asiache vidonge ili afunge. Surat al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na kuikataa ruhusa ya Mola hakumzidishii mtu ucha Mungu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Na waisome tarehe ya Uislamu. Sultani Nuruddin alijenga hospitali mjini Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake Cairo mwaka 1284, ikiwa na mahali maalumu pa wagonjwa wa akili. Sipingi dua wala kombe. Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza tujitibu, na wala hapana ugomvi baina ya shehe anayesoma na daktari anayetibu. Ugomvi huuleta yule anayemwambia mgonjwa achague mmoja.

Kwa hivyo nawaomba maimamu walitaje jambo hili juu ya mimbari kabla ya Ramadhani. Nao madaktari wasimpe mgonjwa karatasi ya vidonge na kumwambia aende zake. Wamweleze kwa Kiswahili anaumwa nini, dawa inafanya nini, na kwa nini asiiache bila ya shauri lao. Wahenga walinena, mficha maradhi kilio humfichua. Na maradhi yasiyotajwa kwa jina lake ni maradhi yaliyofichwa.