Mtihani mgumu na mguu wako

Mama mmoja, binti yake anasomea udaktari wa miguu Marekani, alinilalamikia kliniki: "Daktari, kamaliza miaka minne ya chuo, bado wanamtaka mtihani mwingine. Si kumwonea mtoto?"

Nilimwelewa. Kule mitihani ya leseni huja kwa sehemu. Ya kwanza ni sayansi za msingi, ya pili ni ya tiba chuo kikikaribia kuisha. Ya tatu humkuta tayari yuko kwenye mafunzo hospitalini, usingizi haba.

Lakini tuseme wewe una kisukari. Mguu umevimba, mwekundu, una joto, hauumi sana. Kidonda hakuna, eksirei haioneshi kitu. Mmoja atasema maambukizi, mwingine gauti, nawe utarudi nyumbani ukitembea na vidonge vyako. Kumbe huenda ni mifupa inayoanza kuvunjika kwa sababu mishipa ya fahamu imeharibika na mguu hauhisi. Hapo tiba kubwa ni kuufunga plasta ngumu na kutoukanyagia. Ukichelewa, mguu hupinda, kidonda hufuata, na wengine huishia kukatwa.

Sehemu ya tatu inapima jambo hilo: je, huyu anaweza kuachwa peke yake na mgonjwa? Ingekuwa ya kukariri majina tu, ningeipinga. Ugumu wa kutofautisha miguu inayofanana sioni sababu ya kuupunguza.

Nilimwambia amwache binti asome. Kisha nikamwomba avue viatu. Ana kisukari mwaka wa tisa, na hakuna aliyewahi kumkagua nyayo.