Nyuso za Nyuma Nazo Zionekane



Wapo vijana wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita wanaojipatia riziki kwa kamera za dijitali zenye lenzi ya kubadilisha, hasa kwenye arusi na Kipaimara. Leo nina neno nao, na pia na ninyi wazazi mnaowalipa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Siku moja ya Kipaimara nilipewa kamera ya parokia nipige picha ya jamaa moja. Walikaa safu tatu: watoto mbele, wazazi katikati, bibi yao nyuma kabisa penye mlango wa kanisa. Nikapiga, nikaona uso wa mtoto unang'aa, nikaridhika. Miezi michache baadaye bibi akafariki. Wanawe wakaja ofisini kuomba picha ya kuweka juu ya jeneza. Nikaifungua. Mtoto alionekana hata vifungo vya shati, lakini bibi alikuwa kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi. Ikabidi tukuze picha ndogo ya kadi yake ya kupigia kura. Niliona haya mbele ya watu wale.

Kamera haikuwa mbovu. Lenzi hulenga umbali mmoja tu. Mbele na nyuma ya umbali huo ipo nafasi ambamo vitu bado huonekana wazi, na nje yake huanza ukungu. Mambo matatu huifanya nafasi hiyo iwe fupi au ndefu.

Kwanza ni tundu la lenzi. Mtazame mzee mwenye macho dhaifu: akitaka kumjua ajaye njiani, hufinya macho, naye huona afadhali. Kadhalika kamera, tundu likiwa dogo, nafasi iliyo wazi hurefuka. Tundu huandikwa kwa herufi f na namba, na hapa wengi hukosea, maana namba kubwa ni tundu dogo. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 ina tundu la milimita 25. Kwenye f/8 ni kama milimita 6 tu. Ukimlenga mtu aliye mita 3 kwa lenzi hiyo, kwenye f/1.8 nafasi iliyo wazi ni zaidi kidogo ya shubiri. Kwenye f/8 yapita mita moja.

Pili ni umbali. Ukiwakaribia watu, nafasi hupungua. Ukirudi nyuma, huongezeka.

Tatu ni lenzi yenyewe. Ile ivutayo vitu vya mbali huipunguza. Ile ionayo mahali papana huiongeza.

Kamera za sanduku za zamani, kama Brownie ambayo Kodak ilianza kuiuza mwaka 1900, zilikuwa na tundu dogo. Ndiyo maana picha zake nyingi zilionyesha wazi kiasi kutoka hatua chache hadi mbali.

Basi, kwa picha ya jamaa fanya hivi. Zungusha gurudumu lililo juu ya kamera lisimame kwenye A kwa Nikon, au Av kwa Canon. Chagua f/8. Weka lenzi kwenye milimita 35, simama mita 5 hivi, lenga macho ya mtu wa safu ya katikati.

Lakini tundu dogo huingiza nuru kidogo, na kamera ikikawia, anayetikisika huharibika pichani. Kwa hiyo usiwapange ndani penye giza. Watoe nje, kwenye kivuli cha mwembe. Kasi isipungue 1/125. Ikipungua, ongeza ISO.

Je, tundu kubwa ni baya? La. Bibi arusi akisimama peke yake, na nyuma yake kuna nguo zimeanikwa, f/2.8 itazifunika kwa ukungu, naye atapendeza. Ila jamaa nzima isipigwe hivyo.

Mwisho, watu wasitawanyike kwanza. Kuza picha kwenye kioo cha kamera, utazame uso wa nyuma kabisa. Usipoonekana wazi, piga tena. Nanyi wazazi, kabla ya kulipa, ombeni kuonyeshwa uso huo.

Mungu azibariki nyumba zenu.

Ni mimi karani wenu.