Kijana Mgonjwa Si Mhalifu

Hapa Kiegeani, kijana akianza kujitenga, kukesha na kukataa chakula, husemwa ana shetani, au ni mvivu. Mjini Dar es Salaam husemwa ni ujana tu, utapita. Lakini Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba nusu ya maradhi ya akili huwa yamekwisha kuanza mtu afikapo miaka 18.

Linalotusikitisha zaidi ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ni mkosaji. Basi mzazi aliyemwokoa mwanawe huwaza polisi kwanza, ndipo awaze daktari. Kisiwani, ambako hakuna asiyejulikana, humfungia ndani na kuwaambia majirani kuwa ni homa.

Sheria hiyo tuliachiwa na Mwingereza. Naye kwake aliifuta mwaka 1961, mwaka uleule tulipopata Uhuru! Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba.

Wako waamini wanaohofu kwamba kuifuta ni kuhalalisha kujiua. Sivyo. Katekisimu ya mwaka 1992 yalikataza tendo hilo, na papo hapo yakiri kwamba maradhi ya akili na hofu kuu hupunguza hatia ya mtu.

Tunamwomba mbunge wetu aifikishe hoja hii Bungeni. Nawe mzazi, usingoje Bunge: mpeleke mwanao hospitali ya Kilindoni mapema, na padre au mwalimu wa madrasa akusindikize.