Fufu Haina Kosa

Siku hizi, huku Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, mtu akipimwa na kukutwa na ugonjwa wa sukari, ushauri wa kwanza anaopewa na majirani ni mmoja: acha fufu. Naye anaacha. Asubuhi anakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari na mkate mweupe, mchana anakula wali na kuteremshia chupa ya sukre, yaani soda, jioni anajisifu kwamba ameshika masharti. Huko ni kujidanganya, na kunatuumiza.

Tuhesabu. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Sukre ya mililita 330 hubeba gramu 35 hivi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Chai ile moja na chupa ile moja zimeshafika 51. Fufu haimo katika hesabu hiyo.

Ni kweli, fufu ya mihogo ni wanga karibu mtupu. Ukiijaza sahani na kuisindikiza kwa mchuzi kidogo, sukari ya damu itapanda, na mtoto anayelishwa hivyo kila siku anaweza kupata bwaki, ugonjwa wa utapiamlo. Lakini dawa yake ni kupunguza bonge na kuongeza kitoweo. Fufu ya ukubwa wa ngumi, maharagi ya kutosha, mboga kama sombe au lengalenga, na samaki wa Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, siku akipatikana: hapo nyuzinyuzi na protini zinapunguza kasi ya wanga kuingia katika damu, na tumbo linashiba muda mrefu. Viazi vitamu, magimbi, ndizi na ulezi navyo ni vyakula vyetu, na vyote vinafuata kanuni hiyohiyo ya kiasi na kitoweo.

Kwa nini basi lawama inaiangukia fufu? Kwa sababu inanuka shamba. Unga wa ngano unaopita mpakani Kasindi umepewa heshima, na mgeni akikaribishwa maji badala ya sukre, mwenye nyumba anaona aibu. Tumeiita anasa maendeleo, na chakula tumekiita ugonjwa. Huko Beni, ambako mauaji yaliyoanza mwaka 2014 yamewafukuza wakulima wengi mashambani, kuna mama anayehangaika kutafuta unga wa mihogo ili watoto walale wameshiba. Kumwambia kwamba unga huo ni sumu ni kumwonea.

Simnyimi mtu raha. Kwenye arusi, ubatizo au Noeli, kunywa sukre yako kwa furaha. Watoto wapate mandazi Jumapili baada ya misa. Vitamu vina nafasi yake, na nafasi hiyo ni sikukuu. Vikiwa vya kila siku, vinapoteza hata utamu wake.

Mwenye ugonjwa wa sukari afuate dawa na kipimo cha daktari wake, asifuate maneno ya barazani. Sisi wengine tuanze na kikombe: tutoe vijiko viwili vya sukari kabla ya kuigusa fufu. Fedha ya sukre ya kila siku iende sokoni ikanunue maharagi. Na mgeni akija, tumpe maji safi bila kuomba radhi.