Asiyesali Naye Ana Msimamo

Wazee wetu, mama zetu na ndugu wote wa Uvira na Fizi, Kivu Kusini, tunawaandikia kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Mmesikia kwamba baadhi yetu huku hatusali tena, nanyi mnauliza: asiyemwogopa Mungu atamwogopa nani? Ni swali la haki, na linajibiwa na matendo. Hapa Malawi, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1911 inasema kumwita mtu mchawi ni kosa. Hata hivyo, vikongwe wamepigwa, wamefukuzwa vijijini na hata kufungwa jela, kwa sababu mtoto amesema bibi alimrusha usiku kwa ungo. Miongoni mwa waliojitokeza kudai waachiwe ni George Thindwa na wenzake wa Association for Secular Humanism, watu wasiofuata dini. Hawakutarajia thawabu peponi. Waliamini tu kwamba mtu asiadhibiwe bila ushahidi, na kwamba maumivu ya bibi kizee yana uzito sawa na ya mtu mwingine yeyote. Huo ndio msimamo wetu.

Mtasema dini ndiyo inayotulisha na kutufundisha. Ni kweli Wajesuti wa shirika la kuhudumia wakimbizi, JRS, wanasomesha watoto Dzaleka, na tunawaheshimu kwa hilo. Lakini hata huko kwenu Kivu Kusini, mwaka 2021, wanawake waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na baadhi ya waliowanyooshea kidole walijiita manabii. Basi dini peke yake haimhakikishii mtu wema, na kuikosa hakumnyimi. Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Lakini Thindwa ni Mmalawi, na katiba ya Malawi, kifungu cha 33, inalinda dhamiri ya kila mtu. Tena kambi hii, iliyofunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza la enzi za Rais Banda, ina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wahabeshi na Wasomali, Wakristo na Waislamu, kwenye foleni moja ya maji. Mwaka 2023 serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara Lilongwe warudi kambini, haikuuliza nani anasali. Watu waliochanganyika namna hii wanahitaji maadili ambayo kila mmoja anaweza kuyahoji na kuyakubali.

Hatuwaombi muache kusali. Tunawaomba, siku jirani atakapoitwa mchawi, muulize ushahidi uko wapi kabla jiwe la kwanza halijaokotwa, na mtuhesabu sisi pia kuwa wenzenu katika kumlinda.

Ndugu yenu,
Dzaleka, Malawi